Mnalilia ufukwe wa Norway, Ood nani aliwalilia?

Najua nimepotea, mnisamehe, wiki mbili hizi ilikuwa test juu ya test na ya mwisho nimeimaliza jana. Ilivyokwenda tuiache. Leo nina hasira na jambo lingine kabisa na nataka niliandike kabla halijapoa, maana hapa chumbani tumebishana toka saa mbili usiku mpaka jirani akagonga ukuta.

Tumebishania Doctor Who. Msimu wa pili, ule wa 2006.

Kwa msioijua: ni tamthilia ya BBC, ilianza 1963, ikakatishwa 1989, ikarudi hewani 2005 chini ya mwandishi Russell T Davies. Daktari anaonekana binadamu ila siyo binadamu, anasafiri katika wakati na katika anga kwa kutumia kibanda cha bluu kinachoitwa TARDIS, na kila akikaribia kufa anabadilika sura. Kwa hiyo mwigizaji akichoka wanaleta mwingine na hadithi inaendelea (ujanja huo, bongo movie wauige). Msimu wa pili ndio wa kwanza wa David Tennant, akiwa na Billie Piper kama Rose Tyler, yule binti wa London aliyekuwa anauza dukani. Sehemu 13, kuanzia Aprili mpaka Julai 2006. Mimi wakati huo hata chekechea bado. Mshkaji mmoja hapa hosteli anao wote kwenye hard disk, tumeumaliza kwa usiku nne, watu watatu kitanda kimoja, feni imekufa.

Sasa wenzangu wanasema huu ndio msimu bora kuliko yote. Kwa nini? Mapenzi. Daktari na Rose. Ule mwisho kwenye ufukwe wa Norway, Rose amenasa dunia nyingine, Daktari anamtokea kama kivuli, anataka kusema neno, muda unakata kabla hajalimaliza. Mmoja wetu alilia. Yuko mwaka wa pili uhandisi, ana ndevu, alilia kabisa.

Sikatai, ni mazuri. Mimi mwenyewe nilimeza mate. Ugomvi wangu ni kwamba hayo mapenzi yana watu waliyalipia, na hakuna aliyewahesabu.

Anzeni na Mickey. Huyu alikuwa mpenzi wa Rose kabla Daktari hajatokea, kijana mweusi wa mtaani kwao, fundi wa magari. Msimu wa kwanza Daktari alikuwa anamwita mjinga usoni kwake. Msimu wa pili anapewa nafasi ya kusafiri nao, tukafurahi, haya sasa na sisi tumo. Safari ya kwanza tu Daktari anaruka na farasi kupitia kioo kwenda Versailles kumwokoa Madame de Pompadour, anawaacha Rose na Mickey kwenye chombo cha angani bila kujua atarudi vipi. Safari inayofuata, tunaanza na Daktari na Rose wanacheka, wanakumbushana habari zao, na Mickey pembeni ameshika kitufe. Amekishika karibu nusu saa. Kwa nini? Kwa sababu aliambiwa akishike. Daktari akamsahau. Anamuuliza, unafanya nini hapo?

Chumba kizima kilicheka. Na mimi nilicheka. Imetengenezwa uicheke.

Baadaye Mickey anamkuta bibi yake yuko hai katika ile dunia nyingine. Kwao bibi alishakufa, alianguka kwenye ngazi kwa sababu ya zulia lililochanika ambalo Mickey hakulitengeneza. Anaamua kubaki. Kwangu mimi hiyo ndiyo hadithi kubwa ya mapenzi ya msimu huu, mjukuu anarudi kushika zulia. Inapewa dakika chache, halafu kamera inarudi kwa Rose analia kwamba ameachwa.

Lakini Mickey angalau ana jina. Twende kwa Ood.

Ood wanatokea sehemu ya nane na ya tisa, ile habari ya kituo cha utafiti kwenye sayari inayozunguka shimo jeusi. Ni viumbe wapole, usoni wana minyiri kama ya pweza, mkononi wameshika tufe linalowaka ambalo ndilo linawatafsiria. Wanabeba mizigo, wanapakua chakula, wanafanya usafi. Rose akiuliza toka lini binadamu wanahitaji watumwa, anajibiwa kwamba Ood wanapenda wenyewe. Wamezaliwa kutumika. Usipowapa amri wanadhoofika wanakufa. Anayejibu hivyo ni Danny, na cheo chake, shikeni viti, ni mtu wa Kamati ya Maadili. Yeye ndiye msimamizi wa Ood! Anayetetea Ood kituo kizima ni Rose peke yake, na kwa hilo anataniwa.

Kiswahili kwenye hili kiko wazi kuliko Kiingereza. Mtumwa ni aliyetumwa, basi. Neno halisemi kama alipenda au hakupenda. Mickey na kitufe chake naye alitumwa.

Halafu kuna tukio moja fupi sana. Nawaomba mkirudie. Rose yuko kantini, Ood anampakulia chakula. Rose anamwambia na mimi nimewahi kufanya kazi kama hii. Kisha anamuuliza: hivi wanakulipa? Wanakupa hela?

Swali zuri kuliko yote msimu mzima! Ood anajibu kwamba Mnyama na majeshi yake watainuka kutoka shimoni wapigane na Mungu. Rose anashtuka. Ood anagonga tufe lake, anaomba radhi, eti alisema karibu chakula.

Inatisha kweli, nywele zilinisimama. Ila tazameni kilichofanyika pale. Mtu kauliza habari ya mshahara, tamthilia ikamletea Shetani. Na swali halikurudi tena. Kuanzia hapo ni mbio, milango, mashimo, rocket, Shetani mwenyewe kwa mnyororo. Ood wanaingiliwa na pepo, wanaua watu, kwa hiyo nao wanauawa, na njia ya kuwazima akili inatoka kwa nani? Kwa Danny wa Maadili.

Mwishoni pepo linatoka. Ood wanazinduka wameduwaa, hawajui wamefanya nini, na sayari inaanguka kwenye shimo jeusi. Daktari ameipata TARDIS yake. Anamwokoa Ida, anavuta rocket yenye Rose na wenzake. Ood? Anasema alikuwa na nafasi ya safari moja tu. Kwa masikitiko, ndiyo, sentensi moja. Halafu wanakumbatiana, yeye na Rose.

Aliyewaheshimu ni nahodha Zach, ameigizwa na Shaun Parkes. Anasoma ripoti ya waliokufa, anawataja wenzake, halafu anaanza kuwataja Ood mmoja mmoja. Kwa namba. Hata yeye majina hana, ila anawasoma, na sauti inafifia anasoma. Lile ndilo jambo la kiungwana kuliko yote kwenye sehemu hizo mbili.

Hapo ndipo ubishi ulipowaka. Hoja ya kwanza ya wenzangu: alikuwa hana muda, sayari inaanguka. Sawa, nakubali kabisa, sigombani na saa. Naongelea kabla ya hapo. Sehemu nzima na nusu Daktari anazunguka kituo hicho, anauliza habari za shimo, za nguvu ya uvutano, za maandishi yaliyomshinda kusoma. Hakumkalisha Ood mmoja akamuuliza kwenu wapi.

Na msiniambie hajui kukasirika. Sehemu ya kwanza ya msimu huo huo, New Earth, anakuta hospitali ya masista wenye sura za paka wamefuga binadamu kwenye vyumba, wamewatia kila ugonjwa ili wapate dawa. Wanamwambia hao siyo watu, ni nyama tu. Daktari anawaka moto, na anawaponya wote. Sehemu ya sita anakutana na Cyberman mmoja, chuma kitupu, ndani yake kumbe alikuwepo mwanamke anaitwa Sally aliyekuwa anaolewa kesho yake. Daktari anampigia magoti. Kwa hiyo moyo anao. Tofauti ni ipi? Wale wa hospitali wana sura ya kwetu. Sally ana jina na bwana harusi. Ood ana minyiri na anasema karibu chakula.

Hoja ya pili: ni kipindi cha watoto, Jumamosi jioni familia imekaa sebuleni. Jamani, hiyo inanisaidia mimi! Sebuleni ndipo mtoto anapojifunza nani analiliwa na nani anapitwa.

Hoja ya tatu ndiyo imenifanya niandike. Mshkaji mmoja, simtaji, alisema: lakini wale si kweli wanapenda kazi? Ni kama dada wa nyumbani tu, ukimwambia aondoke atakwenda wapi? Atakufa njaa. Watu wakacheka, wakasema kamaliza.

Nilimjibu kwa msimu wa nne. Mwaka 2008 walirudi kwa Ood, sehemu inaitwa Planet of the Ood, theluji tupu. Pale ndio tunaambiwa ukweli. Ood anazaliwa na sehemu ya ubongo wake ameishika mkononi, ndiyo maana ni mpole, hana budi kumwamini kila anayekutana naye. Kampuni inaikata. Mahali pake inaweka lile tufe. Yaani kile tulichoambiwa 2006 kuwa ni maumbile yao, kilikuwa jeraha. Kwanza wamekatwa, halafu wakaitwa waliozaliwa kutumika. Na Daktari anakiri mwenyewe: mara ile hakufikiri, hakuuliza, alishughulika na Shetani akawaacha wafe, anaona wanamdai. Donna anamwambia mimi sina watumwa, Daktari anamuuliza nguo zako unadhani kashona nani.

Kwa hiyo siyo mimi nimezusha. Wenyewe walikuja kukubali kwamba msimu wa pili ulikuwa na deni. Nyie ndio mnautetea kuliko walioutengeneza.

Hapo nilikuwa nimeshinda ubishi. Wakazima taa. Mimi usingizi ukakata, kwa sababu ile ya dada wa nyumbani nilishawahi kuisema mimi. Nikiwa kidato cha nne.

Tulikuwa na dada, alikaa kwetu miaka sita. Aliomba aende kozi ya cherehani jioni, mama akasema mjini hapa ataharibika. Siku mama alipomwambia sasa arudi kwao Singida, alilia sana, alikaa chini mlangoni kalia. Sisi tulisimulia hicho kilio kama sifa ya nyumba yetu. Mnaona alivyotupenda? Hataki kuondoka! Nimekisimulia mpaka hapa chuoni.

Namba yake ninayo bado, nimeiandika Dada Nyumbani. Leo mchana, baada ya lekcha, nilimpigia. Alifurahi, akaniita mwanangu, akauliza nasoma nini, akasema nakula vizuri kweli? Anauza mboga sasa. Nikazunguka weee, mwisho nikamuuliza: dada, siku ile ulilia nini?

Akacheka. Akasema, mwanangu, mambo ya zamani hayo. Nikang'ang'ania. Akasema alikuwa anadai mshahara wa miezi minane. Mama alikuwa anamtunzia. Alijua akipanda basi ndiyo basi.

Miezi minane wadau. Na mimi nilikuwa sebuleni natazama TV.

Nimempigia mama mara mbili, hajapokea, nadhani amelala. Kesho asubuhi napiga tena kabla hajaenda kazini, na bumu likitoka sehemu yake najua inakwenda Singida, ingawa haitafika hata miezi miwili.

Wenzangu wanataka kesho tuanze msimu wa tatu. Nimewaambia tunaruka, tunaanza na ile ya theluji. Mwenye hard disk amenuna, anasema nawaharibia mtiririko.