Chanjo ya bure ina mlipaji wake

Fungua kadi ya kliniki ya mwanao, uangalie wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Utaona PCV, sindano inayomkinga na nimonia na homa ya uti wa mgongo. Hukutoa hata shilingi. Lakini yupo aliyelipa, na upo uamuzi uliofanya dozi hiyo ifike kwenye friji ya zahanati yenu.

Marekani ilianza kuwapa watoto wake chanjo ya aina hii mwaka 2000. Tanzania ilianza Januari 2013, Kenya ikiwa imetangulia mwaka 2011. Kwa nini tuchelewe hivyo, wakati nimonia ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi wadogo?

Sababu moja ni kwamba chanjo ile ya kwanza ilizuia aina 7 tu za bakteria, na baadhi ya aina zinazosumbua Afrika hazikuwamo. Nyingine ni soko. Kupanua kiwanda cha chanjo ni gharama kubwa, na hakuna kampuni inayofanya hivyo bila kujua nani atanunua.

Mwaka 2009 ikaja sera mpya. Italia, Uingereza, Kanada, Urusi, Norway na taasisi ya Bill Gates waliahidi dola bilioni 1.5 kabla chanjo hazijanunuliwa. Masharti yalikuwa haya: kampuni italipwa dola 7 kwa dozi za mwanzo, kisha isiuze kwa zaidi ya dola 3.50 kwa dozi, na iendelee kuleta mzigo kwa miaka 10. Pfizer na GSK waliingia mkataba, wakaleta chanjo za aina 13 na aina 10. Nchi nyingi maskini zikaanza kuchanja kupitia shirika la Gavi.

Je, tulilipa bei ya haki? Madaktari Wasio na Mipaka walisema hapana. Walidai kampuni mbili zimelishika soko, wakataka dozi zote 3 za mtoto mmoja zisizidi dola 5. Bei ilishuka kidogo kidogo. Desemba 2019 Shirika la Afya Duniani likaidhinisha chanjo ya Serum Institute ya India, iliyokuja na bei ya dola 2 kwa dozi.

Funzo ninaloliona ni hili: ahadi ya kununua iliharakisha chanjo, lakini kilichosaidia kushusha bei zaidi ni kupata muuzaji wa tatu. Sera nzuri inahitaji vyote viwili.

Hili linatuhusu, mzazi, kwa sababu Serikali nayo huchangia gharama ya chanjo, na mchango huo hukua kadiri kipato cha nchi kinavyopanda. Iko siku tutalipa wenyewe.

Kwa hiyo, fanya mambo mawili. Kwanza, mpeleke mtoto amalize dozi zote 3. Kama amepitwa na tarehe, rudi kliniki, muuguzi atakuelekeza. Pili, bajeti ya afya inaposomwa bungeni, sikiliza fungu la chanjo. Mbunge akija kwenye mkutano, muulize fedha zilizotengwa ni kiasi gani, na zilizotolewa ni kiasi gani. Hesabu hizo mbili mara nyingi hazilingani.