Fedha za Ukame na Mafuriko: Fika Barazani Kabla Hazijagawanywa

Wakulima wa skimu,

Redio ikianza kutaja "ufadhili wa kukabili mabadiliko ya tabia ya nchi", watu wengi hutafuta stesheni yenye muziki. Siwalaumu. Lakini maana ya maneno hayo marefu ni fupi tu: ni fedha za kumwezesha mkulima asishindwe na mvua iliyokataa kuja, wala na ile ijayo yote kwa siku mbili. Fedha hizo zipo, ingawa ni kidogo, na zinagawanywa karibu na kwako kuliko unavyodhani.

Hakuna haja ya karani kukuambia kwamba majira yamegeuka. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022, mvua ilikosa majira matano mfululizo katika sehemu kavu za Kenya, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Kisha ikaja masika ya 2024, na mafuriko yakaua watu zaidi ya 250. Hewa chafu inayoitia dunia joto haikutoka kwetu, kwani sehemu ya Kenya katika hewa hiyo ni ndogo sana.

Kwa haki, basi, mwenye kuchafua ndiye angelipa. Mwaka 2009 mataifa tajiri yaliahidi kutoa dola bilioni 100 kila mwaka itakapofika 2020. Ahadi ilitimia mwaka 2022, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mikopo. Jambo hili mwenye ploti ya skimu atalielewa upesi kuliko profesa. Skimu nyingi zilifunguliwa tangu mwaka 1962, na wazee wetu wakapewa mashamba kwa deni la miaka mingi. Wengine walikufa wakalirithisha. Hata hivyo, kukopa kwa kununua shamba kuna maana, kwa kuwa shamba huzaa. Kukopa kwa kujenga tena daraja lililobebwa na maji ni kulipa mara mbili kwa kosa la mwingine. Kwa maoni yangu fedha za kazi hii zingekuwa za kupewa, na Serikali isichoke kulisema neno hilo katika mikutano ya dunia.

Tena kuna hesabu nyingine, na mimi niliyesomea ualimu ningependa kuiandika ubaoni. Mwaka 2018 fedha zilizotumika Kenya kwa mambo ya tabia ya nchi zilikuwa kama shilingi bilioni 243. Katika kila shilingi 100, kiasi cha 12 tu zilikwenda kumkinga mtu na ukame na mafuriko. Nyingi za zile nyingine zilikwenda katika kupunguza hewa chafu, hasa kazi za umeme. Sababu si ngumu. Mtambo wa umeme huuza umeme, na mkopeshaji akarudishiwa chake. Bwawa la kijiji halimpelekei mtu yeyote bili. Kwa hiyo ukingoja tajiri aje alijenge kwa kutafuta faida, utangoja sana.

Ndiyo maana tuangalie mifuko ya kaunti. Makueni walitangulia mwaka 2015 kuweka kanuni za mfuko wa tabia ya nchi, wakatenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo. Wajir wakafuata kwa asilimia 2. Utaratibu wao wa kwanza ulikuwa mzuri: katika kila shilingi 100 za mfuko, 70 ni za kazi zilizochaguliwa na kamati za wadi, 20 za kazi za kaunti nzima, na 10 za uendeshaji. Baadaye mpango uitwao FLLoCA ulieneza jambo hili katika kaunti nyingine. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliupa mpango huo dola milioni 150, nao ni mkopo. Tafadhali lisome neno hilo tena. Shilingi ikipotelea katika semina na fulana, mtoto wako atailipa vile vile.

Sasa, uombe nini? Hapa ndipo watu wengi hukosea. Hufika barazani wakaomba mbegu, mbolea na pampu ya mkono, vitu ambavyo mwenye bidii aweza kununua akiuza maziwa. Vikigawanywa kwa wadi nzima, kila mmoja hupata kidogo na mwakani havionekani. Heri kuomba kile ambacho mtu mmoja hawezi: bwawa, mfereji mkuu wa kutoa maji yanayopita ploti kumi, kingo za mto, au miti katika chemchemi mnayotumia wote. Nijuavyo, skimu nyingi zilipimwa ploti kwa mistari iliyonyoka, na maji hayafuati mistari ya mpimaji. Hukata hapa kwako, yakaharibu kwa jirani wa chini. Mfereji wako peke yako huweza kumfukuzia jirani balaa.

Uliza pia kamati ya wadi imekutana lini, imepokea kiasi gani, na nani alipewa kandarasi. Kuuliza si ukorofi. Katiba ya 2010 imekupa ruhusa.

Wakati nao una sheria yake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makisio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Anayeleta shauri lake mwezi wa Mei amefika sokoni watu wakifunga vikapu. Basi kaeni ninyi majirani, wanawake wakiwapo, kwa maana wao ndio wachota maji. Andikeni karatasi moja: mahali penyewe, idadi ya jamaa watakaofaidika, nani atatoa ardhi, na nani atafukua matope bwawa likijaa. Ipelekeni kwa msimamizi wa wadi, mwombe aigonge muhuri, na nakala moja ibaki kwenu.