Sanaa ya Makabila si Pambo

Wanafunzi wenzangu, wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Je, na asiyejua mila ya mwenzake? Darasani tunaonyeshwa picha ya kinyago, kisha tunaambiwa, "Haya, choreni!" Basi, somo limekwisha.

Chukueni kigango cha Wagiriama. Ukikitazama haraka utadhani ni ubao tu uliotiwa nakshi. La hasha! Husimamishwa kwa heshima ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, na jamaa zake huamini kuwa roho yake imo humo. Hata hivyo, wezi waling'oa vigango vingi, vikauzwa hadi Marekani na kuwekwa katika majumba ya makumbusho. Viwili vilivyoibwa mwaka wa 1985 vilirudishwa mwaka wa 2007. Walionunua waliona uzuri, hawakuuliza mwenyewe ni nani.

Huko Papunya, katika jangwa la Australia, mambo yalikuwa tofauti. Mwaka wa 1971 mwalimu Geoffrey Bardon aliwahimiza wenyeji wachore michoro yao wenyewe, na wazee wakachora hadithi ya sisimizi wa asali ukutani mwa shule. Hadithi ilitoka kwa wenyewe.

Wengine watasema ati mtihani hauulizi hayo. Sawa, lakini mtihani utakwisha, heshima haiishi. Walimu wetu, kabla ya kutupa penseli, tufunzeni kuuliza: ni ya nani, ina kazi gani, na nani ana ruhusa ya kuigusa? Na wazee wapo, waiteni shuleni watujibu.