Vyama Havijawahi Kutupiganisha

Kila uchaguzi ukikaribia, wimbo ni uleule: siasa za vyama zinatugawa, tukizilea tutachinjana kama majirani zetu. Kijana wa tarafa yetu ya Sale, wilayani Ngorongoro, anayehoji mapato ya kijiji kwenye mkutano wa kijiji anaambiwa akae chini, asituvunjie amani. Hoja hii ni ya kutishia watoto.

Wasonjo na Wamaasai wa Loita wamewahi kupigana hata kwa bunduki. Waligombea ardhi na mifugo. Hakuna aliyekufa akitetea kadi ya chama. Juni 2022, vigingi viliposimikwa kutenga kilometa za mraba 1,500 za hifadhi katika tarafa za Loliondo na Sale, askari polisi mmoja aliuawa na wananchi wakajeruhiwa kwa risasi. Miongoni mwa waliokamatwa walikuwamo madiwani wa chama tawala chenyewe, CCM. Upinzani uliochochea hapo ni upi?

Ubishi tumeishi nao tangu enzi za mababu. Kwenye mifereji ya Wasonjo ya Samunge na Digodigo, zamu ya maji hugombaniwa kila kiangazi. Wazee wa mfereji, wenamiji, huketi, husikiliza, hupanga nani afungulie lini. Anayeiba maji hutozwa faini. Mashamba yanalimwa kwa sababu mgomvi ana pa kwenda.

Agosti 2024 ilithibitisha hilo. Tangazo la serikali lilipofuta vijiji na kata za Ngorongoro, maelfu walijaa barabarani. Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha tangazo, waziri akaja kuzungumza nao, watu wakarudi kwenye maboma yao.

Na hao majirani tunaotishiwa nao? Mwaka 2007 upinzani wa Kenya ulikataa kupinga matokeo ya uchaguzi mahakamani kwa kuwa haukuiamini mahakama. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Mwaka 2022, kwenye uchaguzi wa rais, Wakenya waligawanyika karibu nusu kwa nusu. Safari hii walikuwa na Mahakama ya Juu iliyokwisha kuthubutu kufuta ushindi wa rais mwaka 2017. Ilipoamua, walioshindwa walilalamika, kisha wakaenda nyumbani.

Sasa tujiangalie Watanzania. Siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, chama cha upinzani cha Chadema hakikuwamo kwenye karatasi ya kura, mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, na mgombea wa ACT-Wazalendo wa urais wa Muungano alikuwa ameenguliwa. Mshindi alitangazwa kwa karibu asilimia 98. Kwa hesabu hiyo hapakuwa na mgawanyiko wowote, ila damu ilimwagika mitaani.

Kwa hiyo anayeitakia nchi hii amani asituhubirie ukimya. Atupe mahakama isiyoogopa, mkutano wa kijiji usiozimwa, na kura inayohesabiwa. Tukikosa hayo, hata nchi ya chama kimoja itapigana.