Programu ya mahesabu ifungukie kwenye kazi, si kwenye mapambo

Ndugu mkulima na mfanyabiashara, vyama vya msingi na maduka ya pembejeo kadhaa sasa yana kompyuta ya mezani. Ni jambo jema. Ila naona fedha zinakwenda kwenye urembo wa programu, na foleni kwenye mzani inabaki ileile.

Kijana anayekutengenezea programu atakuonyesha picha kubwa ya shamba inayotokea mwanzo, nembo inayozunguka, salamu ya karibu, kisha menyu yenye vitufe 20. Kwenye semina inapendeza. Lakini msimu wa korosho, mkulima ameshaweka gunia kwenye mzani na nyuma yake wako watu 30, picha hiyo ni kero. Anayechoka kusubiri anaishia kwa mnunuzi wa kangomba, na hapo amepoteza yeye na chama chake.

Mimi nasema hivi: programu ikifunguka, kitu cha kwanza kuonekana kiwe sehemu ya kuandika jina la mkulima na kilo, na mshale uwe tayari kwenye kisanduku cha kwanza. Taarifa za mwaka jana zipakiwe baadaye, anayezihitaji akizibonyeza. Usimlipe fundi fedha za mwisho kabla hujaijaribu kwenye kompyuta yako mwenyewe, iliyozimwa na kuwashwa upya, si kwenye laptopu yake mpya.

Kama mnatumia Excel au LibreOffice Calc (hii ya pili ni ya bure) huhitaji fundi. Faili hufungukia ukurasa uliokuwepo ulipohifadhi, basi kila jioni rudi kwenye ukurasa wa mapokezi ndipo uhifadhi. Ukitaka lijifungue kompyuta inapowaka, shikilia kitufe cha Windows, bonyeza R, andika shell:startup, bonyeza Enter, kisha weka njia ya mkato ya faili lako kwenye folda itakayofunguka. Halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya Startup, uzime programu za muziki na michezo zinazojiwasha bila kuitwa. Ya kuzuia virusi usiiguse.

Kuhusu sura, chagua herufi nyeusi kwenye weupe. Kibandani mwanga wa jua humeza rangi hafifu. Nyekundu kwa anayedaiwa na kijani kwa aliyelipa hazitoshi, maana wapo wanaume wasioweza kuzitofautisha. Andika neno lenyewe, ANADAIWA au AMELIPA. Na tarakimu za kilo ziwe kubwa kiasi kwamba mkulima aliyesimama upande wa pili wa meza anazisoma mwenyewe kabla stakabadhi haijachapwa. Skrini igeuzwe kidogo imwelekee. Karani asiyetaka kuigeuza, muulizeni kwa nini.