Hesabu ya London katika Nyumba za Pemba

Katika mtaa mmoja wa Wete yupo mama ambaye kwa Ramadhani mbili mfululizo hakuzungumza vyema na mwanawe aliyeko London. Chanzo chake ni paa. Mabati ya nyumba yake yameshika kutu, mvua ya masika inapita, naye alimwomba kijana wake ampelekee fedha za kuezeka upya. Kijana alituma pauni 50, akasema nyingine zitafuata Mwenyezi Mungu akijaalia, na nyingine hazikufuata. Mama akatamka mbele ya majirani kwamba Ulaya imemharibu mtoto. Majirani wakaafiki, na sisi, tunakiri, tulikuwa miongoni mwa walioafiki.

Baadaye dada wa kijana huyo akatusikilizisha ujumbe mrefu wa sauti ambamo nduguye anamwelezea mapato na matumizi yake ya mwezi mmoja, senti kwa senti. Tuliusikiliza mara mbili. Tangu siku ile tumekuwa tukiona kuwa zipo nyumba nyingi Pemba zinazogombana na mji zisioujua, na kwamba haingekuwa vibaya safu hii ikautazama mji huo, unaishi kwa nini na unamwachia nini mtu anayeutumikia.

Baina ya Pemba na London, ujamaa wa kibiashara ni wa zamani. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, kikaiacha ya Pemba, na tangu hapo kisiwa chetu ndicho kilichobeba zao hilo. Karafuu iliyochambuliwa na bibi zetu usiku kwa mwanga wa kandili, ikaanikwa juu ya majamvi, ilifika katika maghala ya ukingo wa mto Thames. Katika mtaa wa Mincing Lane ndiko madalali walikouziana chai na viungo vya dunia nzima. Mzee wa Mtambwe au wa Kengeja hakuujua mtaa huo hata kwa jina, lakini aliyezungumza pale kwa utulivu, akiwa na kikombe cha chai mkononi, alikuwa na uwezo wa kumpunguzia mzee yule futari ya watoto wake.

Maghala yale leo hayana karafuu. Bandari kongwe za London zilifungwa moja baada ya moja tangu miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Maghala ya viungo ya Butler's Wharf, karibu na daraja la Tower Bridge, yamegeuzwa makazi na ofisi za wenye nafasi, na mojawapo ya majengo hayo hadi sasa linaitwa Clove Building, yaani Jengo la Karafuu. Jina limebaki ukutani. Zilipokuwa gati za West India, mashariki zaidi, imesimama minara ya mabenki ya Canary Wharf. Mji ulioishi kwa kupakua magunia sasa unaishi kwa kuhesabu fedha: benki, bima, sheria, uhasibu, na biashara ya nyumba zenyewe. London ina watu karibu milioni 9, nao hutoa karibu robo ya pato lote la Uingereza. Hata fedha za Kiislamu zimo. Mwaka 2014 serikali ya Uingereza ilitoa sukuk yake ya kwanza, ya pauni milioni 200, ikawa nchi ya kwanza ya Magharibi kufanya hivyo, na mnara wa Shard, mrefu kuliko yote mjini humo, umejengwa kwa sehemu kubwa kwa mali ya Qatar.

Basi mtu akiutazama mji huo kutoka mbali huona dhahabu tupu. Lakini minara ile hufagiliwa, na anayeifagia huamka saa nane za usiku akapanda basi. Wagonjwa na wazee wa mji ule huoshwa na kulishwa na mtu, mizigo huletwa mlangoni na mtu, na milango hulindwa na mtu. Wengi wa watoto wetu wamo katika kazi hizo. Hatusemi hivyo kwa kuzidharau, kwani chumo la halali lina heshima yake popote. Tunasema ili tujue tunazungumza na nani tunapopiga simu.

Sasa hesabu yenyewe. Kuanzia Aprili 2025 ujira wa chini kabisa wa kisheria Uingereza, kwa aliyetimiza miaka 21, ulikuwa pauni 12.21 kwa saa. Pauni moja kwa sasa hubadilishwa kwa zaidi ya shilingi 3,000. Kwa hiyo saa moja ya kijana wetu inapita shilingi 36,000. Tulipokuwa tukiuza karafuu ya daraja la kwanza kwa shilingi 14,000 kwa kilo, saa moja hiyo ilikuwa sawa na zaidi ya kilo mbili na nusu za karafuu kavu, na kila kilo kavu imetokana na kama kilo tatu mbichi zilizochumwa juu ya mti kwa kuhatarisha mbavu. Nani atalaumiwa kwa kuona huo ni utajiri?

Akifanya kazi saa 40 kwa wiki, mwaka mzima, kwa ujira huo atapata kama pauni 2,116 kwa mwezi. Kabla hazijamfikia mkononi, serikali huchukua kodi ya mapato ya asilimia 20 na mchango wa bima ya taifa wa asilimia 8, vyote kwa kile kinachozidi pauni 12,570 kwa mwaka. Humbakia takriban pauni 1,817. Kwa shilingi zetu hizo ni zaidi ya milioni tano, na hapa ndipo mama wa Wete alipokuwa akiikomesha hesabu yake.

Kodi ya wastani ya nyumba ya kupanga London, hata hivyo, imeshapindukia pauni 2,000 kwa mwezi. Soma tena, ndugu msomaji: mshahara wote wa mtu huyo hautoshi kulipia nyumba moja ya wastani katika mji anaoufagia. Ndiyo maana kijana huyu hana nyumba. Ana chumba, katika nyumba anamoshirikiana jiko na choo na watu wanne, na chumba namna hiyo huweza kufikia pauni 900. Anakaa mbali na katikati ya mji kwa sababu ya kodi, na kwa sababu anakaa mbali, nauli yake ya mwezi hufikia pauni 200. Zinabaki kama 700 za kula, simu, nguo za baridi, na lile deni la tiketi iliyompeleka. Mwenye familia ana msaada fulani wa serikali akiwa na haki za ukaazi, lakini aliyeko kwa viza ya muda aghalabu hana haki hiyo, na juu yake hutozwa pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza yake kwa ajili ya huduma za afya, zikilipwa kwa mkupuo wakati wa kuomba. Mfumuko wa bei wa Oktoba 2022, uliofika asilimia 11.1, uliwakuta watu hawa bila akiba. Hatushangai kwamba karibu mtu mmoja kati ya wanne London huhesabiwa maskini baada ya kutolewa gharama za makazi.

Watauliza baadhi, kwa nini asinunue nyumba akaepukana na kodi? Nyumba ya wastani kule imepita pauni 500,000, na njia ya kawaida ya kuinunua ni mkopo wa riba. Waislamu wengi wameukataa mkopo huo wakaendelea kupanga miaka 20 na 30, na huo ni mtihani ambao sisi tuliojenga kwa tofali moja moja katika viwanja vya urithi hatujaonjeshwa. Mwaka 2003 sheria ya Uingereza ilirekebishwa ili benki inaponunua nyumba na kumuuzia mteja kwa utaratibu wa kisheria ya Kiislamu ushuru wa mauziano usilipwe mara mbili. Mlango upo, ila malipo ya awali peke yake ni maelfu ya pauni, na afagiaye mnara hana maelfu.

Haya tumeyaeleza kwa upande wa walioko huko, lakini nao wana lao. Nani aliyetufundisha kwamba London ni neema tupu kama si wao? Kijana hupiga picha pembeni ya gari la mwajiri wake. Akija likizo ya wiki tatu hugawa zawadi za mkopo katika kila nyumba, akaondoka akiwa na deni la mwaka, na sisi tukabaki tukijua kwamba anazo. Wapo pia walioacha wake Konde na Chake Chake, na kwa hao lugha yetu inabadilika. Nafaka ya mke ni wajibu wa mume, haingoji paa wala arusi ya binamu. Mume anayemtumia rafiki yake fedha za kiwanja huku mkewe anakopa mchele dukani hana udhuru wa kodi ya London, na mke huyo ana haki ya kulifikisha jambo lake kwa kadhi.

Ama kuhusu wazazi, wanavyuoni wanatufundisha kuwa mzazi fukara hukimiwa na mtoto wake mwenye uwezo. Tatizo letu liko kwenye neno hilo la uwezo. Tumezoea kuupima kwa kinachoingia, tena tukakigeuza kuwa shilingi, ilhali huyu mtoto anakula, analala na anasafiri kwa pauni. Uwezo wake ni kile kilichobaki baada ya chumba na nauli. Hata katika kukituma kuna kupungua, kwani gharama za kupeleka fedha duniani bado huzunguka asilimia 6 kwa wastani, ingawa mataifa yameahidiana zishuke chini ya asilimia 3 ifikapo mwaka 2030. Kutuma pauni 20 kila wiki ni kumlipa wakala mara nne. Heri jamaa wakubaliane zitumwe mara moja kwa mwezi.

Liko jambo la hatari zaidi ya ugomvi wa paa, nalo ni kuuza shamba ili kumsafirisha kijana. Wazee waliotutangulia waliwahi kuiweka mikarafuu rehani kwa wadai hadi mashamba yakawa hatarini kuwatoka, na serikali ya wakati ule ikalazimika mwaka 1934 kutunga sheria ya kuzuia ardhi isihame mikononi mwao. Leo hakuna mdai anayetulazimisha, tunakwenda wenyewe. Tumesikia ya familia iliyouza mikarafuu iliyoachwa na babu ili kumlipa mtu aliyeahidi kazi ya kulea wazee Uingereza. Na wajue wanaofikiria kufanya hivyo: tangu Machi 2024 mlezi wa namna hiyo hakuruhusiwa kuchukua mke wala watoto, na tangu Julai 2025 mlango wa kuajiriwa kutoka nje kwa kazi hiyo umefungwa kwa waombaji wapya. Anayeuza nafasi hizo leo anauza upepo. Mikarafuu iliyouzwa hairudi, na hata ukipanda mipya leo utangoja miaka kadhaa kabla ya kuona mavuno ya maana. Isitoshe, shamba la babu lina warithi, wakiwamo mabinti na shangazi ambao mara nyingi hawaulizwi.

Turudi Wete. Dada wa yule kijana alimkalisha mama yake baada ya sala ya alasiri, akamsikilizisha ule ujumbe wa sauti, akisimamisha kila mahali penye tarakimu na kuandika katika daftari. Upande mmoja aliandika pauni, upande wa pili akaandika kile ambacho pauni hizo hununua kule, wala hakuandika shilingi hata moja. Walipofika kwenye chumba na choo cha watu watano, mama aliuliza kama mwanawe anapata maji ya kutawadha bila kupanga foleni. Dada hakuwa na jibu.

Kisha wakaligawa paa. Karafuu za msimu zitatoa mabati ya upande wa kusini, ambako ndiko panapovuja. Kaka aliyeko Mkoani atatoa mbao na ufundi wake. Aliyeko London atatuma pauni 40 kila mwezi kwa miezi minane, na mwezi atakaoshindwa atasema mapema, wala hatazima simu. Mwezi uliopita ulikuwa wa tatu. Fedha zilipofika, mama alimpigia mwenyewe. Hakumuuliza kwanza habari za nyongeza, alimuuliza kama kodi ya chumba imeshalipwa.