Usajili wa Matrekta na Mitambo: Kwa Nini Makubaliano ya Mauzo Hayatoshi

Biashara ya matrekta yaliyotumika katika maeneo ya kilimo nchini mara nyingi hukamilika kwa mambo matatu: makubaliano yaliyotiwa sahihi, malipo, na ufunguo kukabidhiwa mnunuzi. Logibuku hubaki na jina la mwenye trekta wa awali, huku pande zote mbili zikiahidi kushughulikia uhamisho baadaye. Wengi huona kwamba chombo kinacholima shambani hakihitaji haraka hiyo. Sheria, hata hivyo, inalitazama jambo hili kwa jicho tofauti.

Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinaeleza kwamba mtu ambaye chombo kimesajiliwa kwa jina lake huchukuliwa kuwa mmiliki wake, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 9 nacho kinazuia chombo kilichouzwa kutumika barabarani kwa zaidi ya siku 14 kabla ya mmiliki mpya kusajiliwa. Trekta linalovuka barabara kutoka shamba moja hadi jingine, au kuvuta trela la miwa hadi kiwandani, limo barabarani.

Athari zake humfikia kwanza muuzaji. Ajali ikitokea, anayefidiwa humshtaki aliyetajwa katika rekodi. Mahakama ya Rufaa ilikwisha kukubali, katika kesi ya Securicor Kenya na Kyumba Holdings mwaka 2005, kwamba dhana hiyo ya umiliki inaweza kupingwa kwa ushahidi. Lakini ushahidi huo hutolewa mahakamani, kwa gharama na muda, na mtu aliyedhani alikwisha kuachana na chombo hicho.

Mnunuzi naye ana lake la kupoteza. Muuzaji akifariki kabla ya uhamisho, trekta lililolipiwa lote bado huonekana katika rekodi kuwa mali ya marehemu. Hapo familia hulazimika kwanza kupata idhini ya usimamizi wa mirathi chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, huku msimu wa kulima ukipita.

Suala la mikopo lina uzito huo huo. Sheria ya mwaka 2017 kuhusu haki za dhamana katika mali inayohamishika iliwafungulia wakulima na makandarasi wadogo nafasi ya kukopa kwa kuweka rehani mashine badala ya hatimiliki ya ardhi. Lakini mkopeshaji humtaka mkopaji aonyeshe kuwa mashine ni yake. Asiye na jina katika logibuku huwa na mali machoni pa majirani, si machoni pa benki.

Usajili hufanywa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA), na matrekta na mitambo mizito yana mfululizo wake wa nambari: vibao vya matrekta huanza kwa herufi KTC na vya mitambo KHM. Tangu 2023 huduma hizi hupatikana kupitia eCitizen. Muuzaji huanzisha uhamisho katika akaunti yake, mnunuzi huukubali katika yake, na ada hulipwa mtandaoni. Wasio na intaneti wanaweza kutafuta usaidizi katika Vituo vya Huduma.

Kabla ya kulipa, mnunuzi anashauriwa kuomba nakala ya rekodi ya chombo, kulinganisha nambari za chasisi na injini na zilizo kwenye logibuku, na kuthibitisha kuwa hakuna mkopeshaji anayekidai. Iwapo fedha ni nyingi, ni busara sehemu ya malipo isubiri hadi uhamisho ukubaliwe. Muuzaji mwaminifu hapotezi chochote kwa utaratibu huo; naye hupata kinga dhidi ya madeni na ajali za chombo ambacho si chake tena.